Mwanya wa Mama

Mshonaji alikuwa amepakata boksi la skana kama mtoto wa kuazima, asije akarudishwa na mkwaruzo. Jirani yake kwenye treni, kijana wa kupiga picha za pasipoti, hakuwa ameombwa ushauri, kwa hiyo aliutoa wote.

"Shangazi, hiyo ya kulaza picha kwenye kioo ni kujichosha. Ungechukua ile inayomeza."

"Imeze picha ya marehemu mama, na ninayo hii moja tu? Ikikwama nitaitapisha?"

"Basi simu inatosha. Programu inafuta mikunjo, inaziba nyufa, picha inakuwa mpya. Hebu niione."

Mshonaji akaitoa picha mkobani; kijana akaipiga kwa simu, akabonyeza. Mikunjo ikatoweka kweli. Mshonaji akavaa miwani, akatazama weee.

"Mwanya wake uko wapi?"

Kijana akakohoa. "Programu imedhani ni ufa."

"Umeniletea mama wa watu. Mzuri, ila simjui."

"Mwanya unarudishwa, shangazi, dakika tu!"

"Ukauchonge wewe? Mimi nataka wake."

Treni ikasimama. Kijana bado anabonyeza. Mshonaji akainuka na boksi lake, na kwa mara ya kwanza safari nzima akacheka: kwenye meno yake, mwanya uleule, na hakuna aliyeuziba.