Mwalimu Rachida na Kitabu cha Nhica

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Palma, mlioko Mocímboa, mlioko Awasse, na nyie mnaotupata kutoka ng'ambo ya Ruvuma, karibuni. Leo tunamkumbuka Rachida Suleimane. Amefariki Ijumaa iliyopita nyumbani kwake Palma, akiwa na miaka hamsini na tatu. Kwa kawaida kipindi hiki tunakiendesha kwa sauti ya upole. Leo mtanisamehe, sauti hiyo sina. Rachida amekufa na hasira, na alikuwa na haki nayo.

Wengi mlimwita Mwalimu Rachida, ingawa hakuwahi kushika darasa la watoto. Miaka ishirini na miwili alifanya kazi secretaria, yaani ofisi kuu ya wilaya, akitunza vitabu na majalada. Baadaye akawa anazunguka kuwafundisha watumishi wa serikali namna ya kuandika kumbukumbu na kuzitunza. Makarani, wauguzi, wakuu wa shule, wote walipita mikononi mwake. Alikuwa mtu wa utani, na wa utaratibu pia. Binti yake, Fatima, anasema hata jikoni mama yake alipanga vitu kwa tarehe. Pilipili ya Machi haikuguswa kabla ile ya Februari haijaisha.

Sasa sikilizeni hasira ilipoanzia.

Mwaka ule watu walipoikimbia Palma kwa vita, mdogo wake Rachida, Chamima Suleimane, alipotezana na mumewe, Dauto. Chamima alitembea porini siku tano mpaka Nhica do Rovuma. Alifika ana homa kali. Pale aliikuta meza, na kitabu, na karani wa kuandikisha waliokimbia. Karani huyo anaitwa Milton. Akamuuliza, mke wa nani? Chamima akajibu, Dauto. Milton akaandika kwa Kireno, esposa do Dauto, yaani mke wa Dauto. Akaita anayefuata.

Desturi yetu mnaijua. Mwanamume hamwulizi mwenzake jina la mkewe mbele za watu. Mume mwenyewe husema watu wa nyumbani, husema mama watoto. Na mwanamke akiulizwa hadharani huinamisha uso. Familia ya Milton ni Wakristo kutoka Mueda, lakini yeye amekulia pwani na adabu za pwani anazo. Hakuwa na nia mbaya. Aliona haya kuuliza, basi. Siku ya tatu Chamima akafa. Wanawake wa Nhica wakamwosha, akazikwa. Kitabuni ikaongezwa: amefariki.

Rachida alimtafuta mdogo wake miezi kumi na mitano. Narudia, miezi kumi na mitano. Mara tatu alifika kwenye meza ile ile ya Nhica, akataja jina, Chamima Suleimane, wa Palma. Mara tatu Milton alipitisha kidole kwenye kurasa na kumwambia hayupo, labda akajaribu Afungi. Akaenda Afungi. Akauliza kila aliyeingia na kutoka kwenye ule uzio wa mradi wa gesi, wapishi, wafagizi, walinzi. Hakuna aliyemwona. Na muda wote huo kaburi la Chamima lilikuwa hatua mia mbili kutoka mezani kwa Milton. Mimi nikilifikiria hilo, damu inanichemka.

Mara ya nne hakuomba kutafutiwa. Alikivuta kitabu upande wake akakisoma toka mwanzo. Akakuta wake wa Dauto wanne, maana akina Dauto ni wengi, na wake wote hawana majina. Akawafuata mmoja mmoja. Watatu walikuwa hai, na hakuna aliyekuwa Chamima. Wa nne yumo ukurasa wa thelathini na moja, mstari wa kumi na nne. Amefariki. Wanawake waliomwosha wakamweleza Rachida juu ya kovu la mafuta ya moto, mkono wa kushoto, karibu na kiganja. Rachida alikuwapo siku mafuta yale yalipomwagika. Wakati huo walikuwa wasichana, wanakaanga vitumbua. Akakaa chini pale pale, akalia.

Alipomaliza kulia ndipo alipoanza kufundisha. Somo lake la kwanza halikuwa la makabati wala namba za majalada. Aliwapanga watumishi wawili wawili, akawaambia waulizane majina ya wake zao, kwa sauti, na waandike. Wanaume wazima wakacheka, wakatazama sakafu. Huko Awasse, karani mmoja mwenye mvi akasimama akasema kwamba kumtaja mke wa mtu hadharani ni kukosa adabu.

Rachida akamjibu: "Adabu yako ndiyo iliyomzika mdogo wangu bila jina. Ukiona haya, msogeze mama wa watu pembeni, mwulize kwa sauti ndogo. Lakini uandike."

Siku hiyo Milton alikuwamo chumbani. Alisimama akawaambia wenzake kwamba karani aliyeandika vile ni yeye. Rachida hakumkumbatia, tusidanganyane. Alimwambia akae, aandike. Lakini tangu siku hiyo walifanya kazi pamoja, na Milton mwenyewe ndiye aliyemsaidia kwa jambo moja tu alilolitaka duniani, jina la mdogo wake liingie kitabuni.

Na hapa, wasikilizaji wapendwa, ndipo tunapotiwa aibu sote. Rachida alifundisha kwamba kosa la kitabuni halikwanguliwi kwa wembe wala halipakwi rangi nyeupe. Unalipiga mstari mmoja lisomeke, unaandika lililo sahihi pembeni, unaweka tarehe na saini ya mkubwa wa ofisi. Kazi ya dakika mbili. Basi mkubwa akadai cheti cha kuzaliwa cha Chamima. Cheti kilikuwa Palma, na ofisi iliyokitunza iliungua moto. Kila mtu anajua iliungua. Rachida akaleta maelezo ya Dauto mwenyewe, aliyekuwa amepatikana hai, akaleta maelezo ya waosha maiti, yote yana saini. Akaambiwa asubiri. Wakubwa watatu wamepita kwenye kiti kile, na kila mmoja alipoingia alianza upya. Miaka miwili na nusu. Na wote watatu wana vyeti vya mafunzo ya Rachida vimetundikwa ukutani.

Jumanne ya wiki iliyopita alikwenda tena. Fatima anasema alirudi akakaa kizingitini bila kuvua viatu. Akasema: "Wameniambia nirudi Jumatatu. Mwanangu, hizo Jumatatu zimenichosha." Ijumaa presha ikampanda, na kabla ya adhuhuri akawa ametutoka.

Tunampa pole Fatima. Tunampa pole shemeji yetu Dauto, na jamaa wote wa Palma na Nhica. Mwenyezi Mungu amrehemu Rachida, amrehemu na Chamima. Nanyi mnaotusikiliza, tafakarini mkiwa nyumbani. Akina baba, kama wewe humtaji mkeo, siku ukiwa mbali nani atamtaja? Akina mama, ukifika mezani kwa karani, mwambie jina lako na la baba yako, na usiondoke mpaka aandike.

Jana nilimpigia Milton simu. Kitabu anacho, kiko kabatini kwake. Kalamu anayo. Kinachokosekana ni saini ya mtu mmoja, na mtu huyo redio anayo ofisini. Bwana mkubwa, ukurasa ni wa thelathini na moja. Mstari ni wa kumi na nne. Jina ni Chamima Suleimane. Leo ni Jumatatu, na Rachida hawezi tena kuja. Tia saini.