Fundi wa Kurasa Zilizogoma

Dada yetu mpendwa, ambaye kazini walimzoea kwa jina la Nionyeshe, alizaliwa tarehe 9 Machi 1984, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkewe, katika chumba cha nyuma ya duka la vitambaa. Alimaliza sekondari mwaka 2002, akasomea kompyuta chuoni.

Mwaka 2006 aliajiriwa kutafuta hitilafu kwenye mifumo inayofunguliwa kwa kivinjari. Mteja akilalamika kwamba ukurasa umegoma, wenzake walijibu, "Mbona kwangu unafunguka?" Yeye alibeba mkoba wake, akaenda kukaa kando ya mteja.

"Nionyeshe, mama. Bonyeza kama siku zote."

"Mwanangu, unanikodolea macho kama mama mkwe!" karani mmoja alimwambia, na dada akacheka hadi akashika meza. Hitilafu ilikuwa hapo: karani alikuwa anabonyeza kila kitufe mara mbili, kama anabisha hodi.

Mwaka 2011 dada aliolewa na fundi umeme, wakajaliwa mabinti wawili.

Januari mwaka huu alipimwa uvimbe wa titi. Majibu yalikuwa yawekwe kwenye ukurasa wa wagonjwa, na kila alipoufungua kwenye simu ulisema, "Bado." Mumewe alimsihi waende wakaulize. Walikwenda Aprili. Majibu yalikuwa yametoka zamani. Simu ilikuwa ikimwonyesha nakala ya kale ya ukurasa iliyojihifadhi humo. Ugonjwa ulikuwa umeshasambaa.

Kaka yake mkubwa alimuuliza ilikuwaje, fundi kama yeye.

"Kaka, niliogopa," alisema. "Kila ukurasa uliposema bado, nilishusha pumzi. Sikutaka kuugusa."

Aliwaandikia mafundi wa hospitali. Wakajibu kwamba kwao ukurasa unafunguka vizuri. Mumewe akamwambia, "Waachie, mke wangu, upumzike."

"Kuna mtu anasoma 'bado' sasa hivi, baba watoto. Nitapumzikaje?"

Akiwa wodini, alimwomba mgonjwa wa kitanda cha pili simu yake, akalikuta kosa lilelile. Akapiga simu, akapiga tena, mpaka fundi mmoja akaja kuketi kitandani pake na kujionea. Mwezi Oktoba ukurasa ulirekebishwa, ukawa unasomwa upya kila unapofunguliwa. Jirani yake yule aliyaona majibu yake, akaanza matibabu wiki hiyohiyo. Kwa dada, dawa zilikuwa zimeshashindwa. Alifariki tarehe 3 Novemba alfajiri, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, mama mzazi na kaka wawili.

Pumzika, dada. Hakuna jibu tena la kusubiri.