Lazarus Were, Aliyetembea Mbele ya Trela

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Kama betri zimechoka, zianikeni juani kidogo kisha mrudi, maana ninayemkumbuka leo hakuvumilia sauti inayokwaruza.

Tumempoteza Lazarus Were, fundi wa umeme wa magari pale Ngara. Alitoka kwao Samia, magharibi mwa nchi, mapema miaka ya sitini akiwa na bisibisi moja na maringo ya watu wawili. Trela zenye breki za umeme zilipoanza kuonekana hapa mjini, alifungua moja, akaifunga, akaifungua tena, mpaka ikakubali kumfundisha.

Ndani ya gurudumu la trela hizo mna sumaku. Dereva akikanyaga breki, umeme unakwenda kwenye sumaku, sumaku inavuta, gurudumu linashikwa. Umeme usipofika, trela inakusukuma kama ng'ombe aliyeona maji.

Wasikilizaji wapendwa, sumaku alizotengeneza Were zilikuwa kali hata vijiko vya hoteli ya jirani vikavuka barabara. Mimi mwenyewe nilikuwa nakoroga chai. Juzi mjane wake, Mama Peres Awiti, alinikanya: "Wewe muongo. Kilikuwa kijiko kimoja tu."

Sasa sikieni ya mwaka wa sabini na tatu. Kina mama wa Kawangware walikuwa wamepata mashine ya kusaga unga, na trela ya kuibeba. Were akazitengeneza breki zake, zikashika vizuri. Siku ya pili yake ilikuwa Jumapili, na mchungaji alikuwa akiingoja mashine kanisani aibariki. Kwa kina mama hao, kitu kipya hakiendi kubarikiwa kikiwa na kutu. Basi Jumamosi jioni walikuja gereji na mikebe ya rangi, wakiongozwa na mwenzao aitwaye Wangu, yaani Mama Ndungu, wakaipaka trela buluu tupu. Ikapendeza kama bibi harusi.

Asubuhi mashine ikapakiwa, nyimbo zikaanza. Lakini Were alikuwa na desturi: trela haitoki kwake bila kupimwa upya. Dereva, Haron Kiragu, akakanyaga breki. Magurudumu yakaendelea kuzunguka.

Kiragu akagusisha balbu ndogo kwenye waya wa breki. Ikawaka. Akasema umeme upo, twende tu, breki za Landrova inayoivuta zinatosha.

"Balbu ndogo haina haya," Were akamwambia. "Itawaka hata kwa umeme wa kuombaomba."

Akaleta balbu kubwa ya taa ya mbele. Ikawa nyekundu kama sigara ya mzee, basi. Umeme ulikuwa unakwenda, ila njia ya kurudi imezibwa. Were akaufuata ule waya wa kurudisha, ambao mafundi huuita athi, mpaka kwenye bolti iliyoushikilia kwenye chuma cha trela. Palikuwa buluu, panang'aa. Wangu alikuwa ameifungua bolti ile, akapaka rangi chini yake, akaikaza tena kwa usafi wa ajabu. Na rangi haipitishi umeme.

Were akatoa kisu. Wangu akasimama mbele ya bolti, akamwita Were kwa jina la mwanawe.

"Baba Sifuna, hiyo rangi haikwanguliwi. Mchungaji atasema tumemletea kitu chenye ugonjwa wa ngozi."

"Mama Ndungu, mteremko wa Lavington hauangalii rangi."

"Na ukikwangua, halafu breki zikatae?"

"Zikikataa, zitanikuta mimi kwanza."

Wangu akamtazama, akasogea. Were akakwangua mpaka chuma kikacheka, akakaza bolti, akalaza sikio kwenye gurudumu. Kiragu akakanyaga. Sumaku ikaguruma.

Walipofika juu ya mteremko wa Lavington, Were alishuka garini. Akafunga vifungo vya koti lake la Jumapili, akaweka mikono nyuma, akatembea mbele ya gari katikati ya barabara, mgongo wake umeelekea mzigo ule wote. Walinzi na watunza bustani wakatoka getini kutazama. Kiragu aliniambia mguu wake haukutoka kwenye breki mpaka chini. Trela ikashuka polepole, kama ng'ombe anayekwenda kukamuliwa. Were hakugeuka. Hata mara moja hakugeuka.

Mama Peres alimuuliza kama aliogopa. "Akaniambia, 'Nilikuwa nasikiliza,'" anasema.

Mpaka leo trela hiyo ni buluu, isipokuwa alama moja penye bolti. Wangu mwenyewe huisugua kwa msasa kabla ya kila safari.

Mama Peres, mwanawe Sifuna, na jamaa wote wa Samia, poleni sana. Ngara inalia pamoja nanyi, na inaringa pamoja nanyi.

Jumamosi hii trela ileile itamtoa Lazarus Were mochari ya Upper Hill, impeleke Kawangware kuombewa kabla ya safari ya nyumbani. Kiragu ataendesha. Watateremka mteremko uleule wa Lavington. Wangu ameniambia atatangulia mbele kwa miguu, na hatageuka.

Nawe msikilizaji, kabla hujazima redio, itazame kazi ya mikono yako. Jiulize kama ungethubutu kuitangulia mteremkoni.