Daftari la Padri wa Grisi

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1985, saa sita usiku, king'ora cha kiwanda cha chupa kikilia kubadilisha zamu, akiwa mtoto wa pili wa fundi wa tanuru na mpishi wa kantini, na mama yake alipenda kusema kwamba mtoto huyu aliripoti kazini kabla hajakatwa kitovu.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya kiwanda hicho kuanzia 1992, akahitimu uhandisi wa mitambo Novemba 2009, na Januari 2010 akaajiriwa palepale. Alifunga ndoa tarehe 20 Juni 2017 na mjane wake, ambaye ndiye aliyeandika haya na kumwomba shemeji yake ayasome kwa kuwa yeye sauti haimtoki, wakajaliwa binti mwaka 2019, na mtoto wa kiume ambaye leo ana miezi saba.

Tarehe 14 Mei 2022 mkanda wa kusafirisha chupa ulimkata mama mmoja vidole viwili, wakubwa wakakagua mota, wakakagua breki, vyote vizima, marehemu peke yake akaenda kumuuliza yule mama alilalaje, akaambiwa ana siku tatu hajafumba macho, anauguza mtoto, na aliogopa kuomba ruhusa. Tangu hapo, mashine ikiharibika, alivuta kiti akakaa na mwendeshaji wake robo saa kabla ya kufungua sanduku la spana, aliyoambiwa akayaandika kwenye daftari lake, wenzake wakamcheka, wakamwita Padri wa Grisi, lakini hao hao waliomcheka ndio waliopanga foleni kuzungumza naye.

Septemba 2024 alimwambia mkewe jikoni kwamba anataka kuacha uhandisi akasomee saikolojia ya kazini, chuo kimeshamkubali, ila asimwambie mtu, yeye mwenyewe ndiye atakayemwambia meneja. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi mitano, nyumba ni ya kiwanda, akaogopa, na hapa anaomba aseme wazi, kesho yake alimpigia meneja simu akamweleza yote, meneja akaapa kutomtaja, wiki hiyohiyo marehemu akapandishwa cheo, akarudi nyumbani akicheka, akasema basi, chuo kitasubiri.

Maumivu yalianza Machi 2025, tarehe 2 Aprili ikaonekana ni saratani ya ini, akalazwa tarehe 6 Julai, na tarehe 11 Agosti, saa nne asubuhi, akafariki. Siku nne kabla aliomba daftari lake, akalishika kifuani, akasema, "Mama watoto, najua ni wewe uliyempigia meneja. Ningekuwa na tumbo lile, ningepiga usiku uleule. Ila hawa wa humu daftarini, mambo yao waliniambia mimi tu. Kila ukurasa mrudishie mwenyewe." Mkewe alimkunjia shuka miguuni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, majirani waliowalaza watoto wetu kwao, na wafanyakazi wote waliosimamisha mkanda leo kuja kumzika. Daftari limefungwa kwa uzi, mjane hajalifungua, kila mwenye ukurasa wake aje auchukue kwa mkono wake.

Pumzika, baba watoto, kiti chako kimeshafutwa grisi, na safari hii mkeo hatamwambia mtu mwingine siri za watu ulizomwachia.