Mlinzi Aliyetembea Peku Kisiwani

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Nyata, alizaliwa tarehe 4 Machi 1958 kwenye kisiwa kidogo cha matumbawe, mtoto wa pili wa mchoma chokaa. Shule ilikuwa ng'ambo. Alivushwa kwa mtumbwi mpaka akamaliza darasa la saba.

Alifunga ndoa mwaka 1981. Binti yao wa kwanza alifariki kwa homa kabla hajaanza kutembea, akazikwa nyuma ya nyumba. Marehemu alilizungushia kaburi mawe ya matumbawe kwa mikono yake.

Kisiwa kilipofanywa hifadhi ya taifa, watu wote walihamishwa. Yeye aliajiriwa mlinzi, akarudi amevaa sare. Mkewe alipokwenda na ufagio kusafisha kaburi, ni yeye aliyemzuia gatini.

"Mama watoto, usiniharibie kazi. Hapa hashuki mtu bila kibali."

"Hata mimi?"

"Hasa wewe. Watasema napendelea wangu."

Mkewe alirudishwa na boti ileile iliyomleta, na hakuomba tena.

Kazini marehemu alisifiwa. Alitembea peku, akinyata kila hatua, ndipo wenzake wakampa lile jina. "Mzee, unaogopa kuiamsha ardhi?" walimtania. Wageni waliambiwa anachunga mayai ya kasa.

Mwaka jana figo zilimshinda. Kitandani alikuwa akikunja miguu ghafla, akinong'ona, "Sogea, mama, baba asikukanyage." Mkewe alimbana mpaka akasema. Mwanzoni mwa kazi walinzi waliamriwa kila jiwe la matumbawe lililotolewa ufukweni lirudishwe. Alibeba hata yale ya kaburi, akijiambia mahali atapajua tu. Nyumba zikabomolewa, vichaka vikafunga, mahali pakampotea. Tangu hapo hakujua anakanyaga wapi.

"Kwa nini hukuniambia miaka yote hii?"

"Ungeniuliza yuko wapi."

Alifariki tarehe 19 Juni, alfajiri, nyumbani. Aliomba azikwe kisiwani. Hifadhi ilikataa, na mkewe hakuwabembeleza.

Ameacha mjane, wana wawili na wajukuu watano. Binti yake alimtangulia.

Apumzike. Lakini kwanza amwulize mtoto amelala wapi, aje amwambie mama yake.