Mashine Isiyo na Hasira

Benchi la kona ile lilikuwa mlango. Mlango kweli, wa mbao nene, kitasa chake bado kipo, uliolazwa juu ya matofali na Kipimo, fundi mwashi, siku alipobomoa nyumba ya mtu akaambiwa achukue kinachomfaa. Aliyechelewa kufika ndiye aliyekalia kitasa. Jua la asubuhi lilihangaika kwanza nyuma ya ghorofa la mbele kabla ya kufika pale, kwa hiyo watu wa kijiwe hicho walikuwa na saa nzima ya kuwa macho nusu na usingizini nusu, wakinywa kahawa na kusema maneno ambayo mchana wangeyaonea haya. Siku hiyo kitasa kilimwangukia Msitu, fundi wa cherehani, aliyeitwa hivyo kwa ndevu zilizomfunika kutoka masikioni hadi kifungo cha pili cha shati. Mapajani alikuwa na boksi la viatu, na ndani ya boksi hamkuwa na viatu.

— Akicheka mtu, narudi zangu kazini, alisema.

— Hatucheki, alijibu Redio, na tayari alikuwa anacheka. Redio alikuwa karani wa posta hadi alipostaafu. Sasa alipeleka habari bila bahasha, na nyingine alizipeleka kabla hazijatokea.

Msitu akafunua boksi. Zilikuwamo mashine tatu za kunyolea, zile za chuma za kufungua kichwa na kulaza ndani yake wembe wa pande mbili. Moja ilikuwa ya shaba, nzito, inang'aa. Ya pili ilikuwa na meno ukingoni kama kitana. Ya tatu ilikuwa ndogo, mpini mfupi, rangi ya kijiko cha zamani. Haikuwa na cha kusifiwa.

— Mwenye duka la sabuni kaniambia nichague moja, hizo nyingine nimrudishie. Nami sijawahi kushika mashine ya namna hii maisha yangu yote. Nisaidieni.

 Birika, muuza kahawa, alisimama na birika lake hewani, kahawa ikamwagika nje ya kikombe naye asijue.

— Unyoe? Wewe? Na sisi tukuite nani?

— Mtajua wenyewe.

— Miaka ishirini na moja tunakuita Msitu, alisema Redio. Huwezi kuamka tu asubuhi ukaamua kuwa uwanja.

Wakacheka wote, isipokuwa mwenye ndevu. Alikuwa akitazama mlango wa chumba chake, hatua tano tu kutoka pale walipokaa. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na ndani yake uliweza kuona ncha ya kiti na miguu miwili midogo iliyovaa soksi.

— Mama hanijui tena, alisema.

Hapo ndipo kicheko kilipokatika. Walijua kwamba mama yake alikuwa anasahau. Alisahau siku, alisahau jiko, mara moja alisahau njia ya chooni. Lakini hili hawakulijua.

— Ananiita bwana, aliendelea Msitu. Bwana mwenye ndevu. Nikimpelekea mkate ananishukuru vizuri sana, kisha haugusi. Jana nimetandika kitanda chake nikaikuta mikate chini ya mto, mitatu, kaifunga kwenye leso. Nikamuuliza, mama, mbona huli? Akaniambia anamwekea mwanawe.

— Lahaula, alisema Kipimo.

— Mwanawe hana ndevu, anasema. Halafu juzi…

Alikwama. Akafunika boksi, akalifunua tena.

— Juzi nimeingia, akainuka kitini. Akaniamkia. "Shikamoo." Mama yangu, mimi.

— Ukamjibu nini? aliuliza Birika kwa sauti ya chini.

— Sikujibu. Ningemjibu nini?

 Wote pale walikuwa na mama, au waliwahi kuwa naye, na kila mmoja alijaribu kimoyomoyo kuitikia marahaba kwa mama yake, ikamshinda.

— Sasa si uende kwa kinyozi tu, alisema Kipimo hatimaye.

— Kinyozi atanitoa ndevu leo tu. Mama ananisahau kila siku. Anaamka kabla kinyozi hajafungua, nami nataka akifumbua macho anikute nimeshakuwa mimi. Lazima nijue mwenyewe. Baba ndiye aliyekuwa anifundishe. Alikufa ndevu zangu zikiwa ndiyo kwanza zinachomoza, nami nikaziacha tu zikaenda zinakotaka.

Basi, kwa kuwa walimpenda na hawakuwa na namna nyingine ya kulisema, wakaanza kubishana.

— Chukua ya shaba, alisema Kipimo. Mimi mwiko mwepesi sijawahi kuushika. Uso ni ukuta, bwana. Unaweka pimamaji shavuni, unapata mlalo wako, kichwa cha mashine unakiinamisha hivi, digrii thelathini, unashuka. Ukitaka usikosee, unafunga uzi kutoka sikioni hadi kidevuni, kama tunavyopanga tofali.

— Na pua?

— Pua ni nguzo. Nguzo tunaizunguka.

— Huyu atamfanya mwenzetu apigwe lipu, alisema Redio. Sikiliza, Msitu. Suala si mashine, ni saa. Ndevu hulala. Saa kama hii, kabla jua halijafika, ziko kwenye usingizi mzito. Ukizinyoa sasa hazijui kama zimekatwa. Zinabaki zinajiona ndefu, hazina haraka ya kurudi. Palikuwa na mzee pale posta alinyoa alfajiri moja tu maishani mwake, hadi anazikwa zilikuwa hazijaamka.

— Muongo!

— Mimi nilimpelekea barua.

Birika aliweka birika lake juu ya jiko, akapuliza mkaa. Moshi mwembamba ukapita kati yao, ukaenda zake polepole kuelekea ulipokuwa mlango wazi.

— Ninyi wote hamjajiuliza kwa nini wembe una pande mbili, alisema. Upande mmoja ni wako. Wa pili ni wa yule wa kwenye kioo. Watu wanatumia upande mmoja, wanatupa. Yule wa kiooni anabaki na ndevu zake. Zinakua, zinakua. Siku moja unaingia chumbani kwako unamkuta kakaa kwenye kiti chako, na watu wa nyumbani wanamwandalia chakula.

Alikuwa akifanya mzaha, lakini Msitu alishtuka. Ndivyo alivyojiona wiki nzima: mtu fulani mwenye ndevu alikuwa ameingia akachukua nafasi ya mtoto wa mama, na mtoto mwenyewe alikuwa amebaki upande wa pili, akigonga. Akaishika mashine yenye meno, akairudisha. Akaishika ya shaba, ikamwelemea mkononi. Mikono yake ilikuwa imezoea skrubu za cherehani, ndogo kuliko punje ya mchele, lakini hii hakujua aishike wapi.

— Samahanini, wanangu.

Wakageuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni, leso yenye fundo mkononi, soksi zake zikiwa vumbini. Wote wanne wakainuka kwa pamoja, mlango waliokuwa wameukalia ukagonga juu ya matofali.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Mmemwona mwanangu? Alikuwa hapa sasa hivi. Kijana mwembamba.

Redio, aliyejua habari zote, aliangalia viatu vyake.  Mwanawe mwenyewe alisimama na boksi lake, akataka kusema "ni mimi", lakini alikuwa ameshasema hivyo mara nyingi wiki ile, na kila mara mama alimhurumia kwa kumwona mtu aliyechanganyikiwa.

Mama hakusubiri jibu. Macho yake yalikuwa yameanguka ndani ya boksi. Akasogea, akainama, na uso wake ukalegea, ukawa wa mtu anayesikia wimbo kwa mbali.

— Aa, alisema. Mashine. Bwana, unataka kunyoa?

— Ndiyo, mama. Ila sijui.

— Ni nani kati yenu anayeitumia hii?

Hapo palikuwa na kazi. Kipimo alinyolewa na kinyozi tangu ujana wake. Birika alinyolewa na mkewe, jambo ambalo alikuwa amelificha hadi asubuhi hiyo. Redio kidevuni alikuwa na nywele nne, na zote nne alizipenda.

— Na maneno yote hayo niliyoyasikia kutoka ndani? aliuliza mama.

Akaigusa ya shaba, akatikisa kichwa. Akapitisha kidole kwenye meno ya ile ya pili, akatikisa kichwa. Kisha akaichukua ile ndogo, rangi ya kijiko, akaizungusha vidoleni.

— Hii, bwana. Kwa anayeanza, hii. Ukiweka wembe, unachungulia kidogo tu pembeni. Haina hasira. Hizo nyingine zinamtaka mtu mzoefu. Marehemu mume wangu alianza na kama hii, na hakuiacha. Kila asubuhi pale dirishani. Mimi nilikuwa namtazama, najifanya nafagia.

— Nifanyeje, mama?

— Keti.

Msitu akaketi. Akatoa mkasi wake wa kazini mfukoni, akaanza kupunguza. Ndevu za miaka ishirini na moja ziliangukia mapajani, nyingine upepo ukazichukua ukazipeleka barabarani, na Redio akazisindikiza kwa macho kama anaaga mtu kituoni. Birika akamimina maji ya moto kikombeni. Hayakutosha. Akamimina tena. Kipimo akaleta brashi ya rangi, mpya kabisa, bado iko ndani ya nailoni, wakaipaka sabuni ya Birika ya kuoshea vikombe. Na Redio, baada ya kusitasita, akatoa kioo kidogo mfukoni, ambacho kumbe alikuwa akitembea nacho miaka yote.

— Msiniulize, alisema, akakishika mbele ya uso wa rafiki yake.

Msitu akafungua kichwa cha mashine, akalaza wembe uliokuwamo bado kwenye karatasi yake ndani ya boksi, akakaza. Akaiinua mashine kwenye mwanga kuangalia kama wembe umekaa sawa pande zote, vile anavyoangalia sindano ya cherehani. Akaanza chini ya sikio.

— Usikandamize, bwana. Acha uzito wake ushuke wenyewe. Fuata zinavyolala.

Hilo alilielewa. Kila anayejifunza kushona husukuma kitambaa kwa mkono, na kila mmoja huvunja sindano hadi siku anapokubali kwamba cherehani inajua kukivuta. Akalegeza mkono. Mashine ikashuka na mlio mdogo mkavu, na nyuma yake likabaki shavu.

— Suuza. Tena. Mafupi, usivute refu. Vuta ngozi kwa mkono mwingine.

Hakuna aliyebishana. Jua lilikuwa limemaliza kuzunguka ghorofa na sasa lilifika miguuni mwao, likapanda kwenye kitasa, likapanda magotini. Muda ulikwenda taratibu mno. Mtu alipita na baiskeli yake, akapunguza mwendo, akaendelea bila kuuliza. Shavu la kushoto likatoka, jeupe kuliko paji la uso, kisha la kulia. Mama alikuwa ameacha kutoa maelekezo. Alikuwa ameisogeza leso kifuani na kuibana kwa mikono miwili, naye Msitu aliogopa kumtazama, akatazama kioo tu, ambako alikuwa akitokea kijana fulani mchovu ambaye hakuwa amemwona kwa muda mrefu.

Kwenye kona ya kidevu akajikata.

— Polepole! Mama alikuwa ameshafika. Akalamba ncha ya leso, akaibonyeza pale penye damu, kwa nguvu, bila kuomba ruhusa. Hapohapo ndipo baba yako naye alipokuwa akijikata, alisema. Kila siku namwambia, kila siku hasikii.

Redio akashusha kioo. Wote walikuwa wamelisikia lile neno, "baba yako".

Msitu akaweka mashine chini taratibu. Povu la sabuni lilikuwa limekauka nusu shingoni mwake.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu.

Machozi yakamtoka mbele za watu, akayaacha yatoke. Mama akayafuta kwa leso ileile, pamoja na sabuni, akamshika kidevu akamgeuza huku na huku, akimkagua kama alivyokuwa akifanya kabla ya kumruhusu kwenda shule. Kisha akakunja uso, akamuuliza, na sauti yake haikuwa na lawama, ilikuwa na mshangao tu:

— Ulikuwa wapi siku zote hizi?

Msitu akamtazama Kipimo. Kipimo akamtazama Redio. Redio akamgeukia Birika, na Birika akainua birika ili walau ammiminie mtu kitu, lakini halikutoa hata tone. Maji yote ya kahawa yalikuwa yameishia kwenye ndevu.

 Mama akafungua leso, akatoa mkate.

— Nilikuwekea, alisema.

Ulikuwa wa juzi, mgumu. Msitu akauvunja kwa goti, akampa mama nusu, naye mama akaupokea kutoka mkononi mwake, akaketi kwenye kitasa, akala.