Ng'ombe wa Dada na Faida ya Mwaka Ujao

Bwana asifiwe, wanakikundi. Hiyo amina yenu itunzeni kwanza, mkishanisikia mtaamua kama nastahili.

Mnanijua, mwalimu wa hesabu wa hapa Mwisenge, yule mnayemwita Profesa mkitaka awajazie fomu. Nilikuwaga napenda sana hilo jina. Nilihudhuria semina moja tu ya hisa, nikarudi nawaona wote washamba.

Tulifundishwa hivi: chukua bei ya hisa moja, gawanya kwa faida ambayo hisa hiyo inapata kwa mwaka. Ukipata mara nne, ni rahisi. Ukipata mara ishirini, ni ghali. Kulikuwa na kampuni moja ya kukamua mafuta ya pamba. Kwa faida ya mwaka uliopita, bei yake ilikuwa mara ishirini. Kwa faida waliyotarajia mwaka ujao, mara nne! Sisi ni watu wa Mara, ndugu zangu, na mara nne ndiyo iliyonimaliza.

Maana nilifikiri kimnada. Mnadani ng'ombe mwenye mimba unamlipia na ndama wa tumboni, si ndiyo? Nikasema faida tarajiwa ndiyo ndama. Lakini mnadani unampapasa tumbo mwenyewe. Huku aliyepapasa ni kampuni, na kampuni ndiyo iliyokuwa inauza.

Nikauza ng'ombe kumi na wawili, nikanunua hizo hisa. Hawakuwa wangu. Ilikuwa mahari ya mdogo wangu wa kike aliyeolewa Guta, nami niliwatunza nyumbani Butiama tangu baba afariki. Mama akaniuliza, "Na mdogo wako akirudi?" Nikamcheka. "Mama, mwaka ujao watakuwa arobaini."

Mwaka ujao ukafika, pamba ikagoma, kampuni ikatangaza hasara. Haya mwalimu, gawanya kwa hasara tuone! Hisa zikakosa mnunuzi.

Mwezi huohuo dada akaja na mkono umevunjika. Mumewe alimpiga na mpini wa jembe. "Kaka, mimi kule sirudi." Mashemeji wakaja nyuma yake, wapole kabisa. "Abaki tu. Tupeni ng'ombe wetu." Kwetu mnajua, mwanamke hajaachika mpaka ng'ombe warudi. Nikawaonyesha karatasi ya hisa. Mmoja akaigeuzageuza, akauliza inakamuliwa asubuhi au jioni. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Halafu wakamchukua, mkono umefungwa kwa kanga. Bodaboda niliita mimi. Mimi ndiye niliyemwambia panda.

Alikaa kule miaka miwili. Jicho lake la kushoto limebaki huko.

Habari za jicho zilinikuta darasani, nafundisha kugawanya. Nilishindwa kumaliza swali la ubaoni. Jumamosi yake nikaja kwenye kikundi hiki, nikasema kwa mara ya kwanza: nimeuza ng'ombe wa dada yangu. Hamkunionea huruma, na mlifanya vizuri. Mama mmoja wa Kabasa aliniita muuza watu, mbele yenu wote. Na ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa mtamba. Nikauza kiwanja na pikipiki, nanyi mkajazia, tukawapeleka ng'ombe Guta, dada akatoka. Nawashukuru. Mama wa Kabasa, asante kwa mtamba, na kwa lile tusi.

Ndugu zangu, nawaambia, hisa si dhambi. Ila mtu akiwaletea faida ya mwaka ujao, muulizeni ameikadiria nani, na mwaka jana alitarajia ngapi akapata ngapi. Gawanyeni kwanza kwa faida iliyokwisha kupatikana. Hiyo tarajiwa ikateni nusu, mgawanye tena, mwone kama bado mnaitaka. Na cha mtu mwingine usikiingize kwenye hesabu hata kidogo.

Leo asubuhi nilimuaga dada nikamweleza ninakuja kutoa ushuhuda. Alikuwa anachambua dagaa, hakuinua uso. Akasema, "Waambie na hili, kwamba sijakusamehe."

Basi, nimewaambia.